Nchi kame ilizamaje? Jibu kwa msomaji mwenye jamaa Sindh

*"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mkazi wa Mombasa, na babu mzaa baba yangu alikuja hapa kutoka Balochistan. Jamaa zetu waliobaki kule walihamia Sindh, jimbo la kusini mwa Pakistan, vijijini karibu na mji wa Khairpur Nathan Shah, wilaya ya Dadu. Mwaka 2022 nyumba yao ya udongo iliporomoka kwa mafuriko, wakaishi juu ya tuta la barabara kwa miezi. Sasa binamu yangu ananiomba nimchangie ajenge upya palepale. Kila mtu ana lake: mmoja anasema ni barafu ya milimani iliyeyuka, mwingine anasema India ilifungulia mabwawa, na mzee wetu mmoja anasema Sindh ni jangwa, ile ilikuwa mvua ya mara moja katika miaka mia, haitarudi sisi tukiwa hai. Na mimi hayo 'mabadiliko ya tabianchi' nimeyasikia mpaka nashuku ni kisingizio cha wakubwa. Nini hasa kilitokea? Yatarudi? Na nikituma pesa, nitakuwa nimezitupa majini?"*

Waaleikum salaam, ndugu yangu, na pole kwa yaliyowafika jamaa zako. Umeuliza maswali matatu, lakini naona lililokukosesha usingizi ni la mwisho, kwa sababu fedha unayoombwa ni ya jasho lako na anayekuomba ni damu yako. Nitalifikia. Hata hivyo niruhusu nikae kwanza kwenye mvua yenyewe, maana ukishajua maji yale yalitoka wapi na kwa nini hayakuondoka, suala la nyumba litakuwa limejijibu nusu.

Anayesema ni barafu hakukosea kila kitu. Kaskazini mwa Pakistan kuna mito ya barafu zaidi ya 7,000, na inayeyuka. Tarehe 7 Mei 2022 ziwa lililojikusanya kwenye barafu ya Shisper lilipasuka na kulisomba daraja la Hassanabad, na wengi duniani waliiona picha ile. Lakini maji ya barafu huteremka kwa njia ya mto Indus, na mto haufichi siri zake, kwa kuwa hupimwa kila siku penye vizuizi vyenye milango kama cha Sukkur. Mwaka 2010, Sindh ilipozama kwa maji yaliyotoka kaskazini, wingi wa maji ya Indus ulipofikia kilele ulikuwa takriban maradufu ya ule wa 2022. Kwa maneno mengine, mto ulikuwa mdogo kwa nusu, na bado Sindh ilizama zaidi. Maji ya 2022 hayakuletwa na mto peke yake. Yalianguka kutoka juu, kwenye Sindh yenyewe na kwenye milima ya Balochistan iliyo magharibi yake.

Sikiliza kiasi chake. Mwezi wa Agosti 2022, Sindh ilipata mvua zaidi ya mara nane ya kawaida ya mwezi huo, na Balochistan karibu mara saba. Katika mji mdogo wa Padidan, ng'ambo ya Indus ukitokea upande wa jamaa zako, kipimo kilikusanya zaidi ya milimita 1,200 ndani ya mwezi mmoja. Mombasa yako, pamoja na masika na vuli zake, hupata milimita elfu moja na kitu kwa mwaka mzima. Sasa chukua chumba cha mita nne kwa tano. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la chumba hicho peke yake lilimwagiwa lita zipatazo 24,000, yaani ndoo 1,200 za lita ishirini. Na paa lenyewe ni la miti na udongo, limejengwa na watu ambao shida yao ya kila siku ni jua.

Kuhusu India, tofautisha miaka. Kwa Mkataba wa Maji ya Indus wa 1960, India ilipewa mito mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej, na Pakistan ikapewa Indus, Jhelum na Chenab. Mwaka 2025 mvua kubwa zilijaza mabwawa upande wa India, maji yakaachiliwa, na jimbo la Punjab la Pakistan likafurika vibaya. Anayelisema hilo kuhusu 2025 ana hoja, ingawa bwawa lililojaa haliwezi kuendelea kuzuia maji, na mvua iliyolijaza ilinyesha pande zote mbili za mpaka. Lakini Dadu ya 2022 haikuzamishwa na milango ya India. Vilevile, utasikia mara nyingi kwamba theluthi moja ya Pakistan ilikuwa chini ya maji. Setilaiti zilionyesha eneo linalokaribia sehemu moja ya kumi. Nalitaja hili kwa sababu takwimu iliyotiwa chumvi humpa mwenye shaka sababu ya kukataa hata ile ya kweli, na ya kweli inatisha vya kutosha: watu milioni 33 waliathirika, zaidi ya 1,700 walifariki, na nyumba zaidi ya milioni mbili ziliharibika au kuanguka kabisa.

Sasa twende kwenye chanzo, na hapa ndugu yangu huhitaji kuondoka Mombasa kukielewa. Upepo wa kusi unaoujua wewe, ule ulioyapeleka majahazi Arabuni na Bara Hindi tangu enzi za mababu, ndio kamba mojawapo inayoivuta mvua ya monsuni, yaani mvua kubwa za msimu za Bara Hindi. Hata neno letu "msimu" na hilo jina la monsuni yametoka katika shina moja la Kiarabu, *mawsim*, kwa kuwa mabaharia walihesabu mwaka kwa pepo hizo. Kati ya Mei na Septemba upepo hutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, hufika pwani yetu na kukuta nyanda za juu za Afrika Mashariki zimesimama kama ukuta upande wa magharibi, kisha huvuka ikweta kandokando ya ukuta huo. Ukishavuka, mzunguko wa dunia huupinda kuelekea kaskazini mashariki, na mbele ya Somalia unakuwa mkondo mwembamba wenye kasi kubwa, kilomita moja na nusu hivi juu ya bahari. Mtaalamu Mwingereza J. Findlater aliuchora mkondo huo katika miaka ya 1960 akitumia, pamoja na mengine, vipimo vya maputo yaliyorushwa Kenya, na mpaka leo wanasayansi wanauita kwa jina lake. Kwa hiyo hewa inayotikisa minazi ya Nyali mwezi wa Julai inaweza, siku chache baadaye, kuwa imeelemewa na mvuke wa Bahari ya Arabuni, ikielekea kwenye mawingu ya Bara Hindi.

Kinachoivuta hewa hiyo ni joto la nchi kavu. Kuanzia Machi jua huichoma ardhi ya India na Pakistan kwa haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi hupanda, mgandamizo hupungua, na hewa ya baharini huja kuziba pengo. Mwaka 2022 uchomaji huo ulipita kiasi. Joto kali lilianza Machi, na tarehe 14 Mei mji wa Jacobabad, kaskazini mwa Sindh, ulifikia nyuzi joto 51 za Selsiasi. Mgandamizo wa hewa juu ya eneo hilo ulishuka kuliko kawaida, na mvuto wake ukazidi kuliko kawaida.

Kulikuwa na mengine mawili. Bahari ya Pasifiki ilikuwa katika hali ya La Niña, yaani maji yake ya eneo la ikweta kupoa kuliko kawaida, kwa mwaka wa tatu mfululizo, na Bahari ya Hindi yenyewe ilikuwa na maji ya joto zaidi upande wa Indonesia kuliko upande wetu. Kwenu, hali hizo mbili maana yake ni ukame: utakumbuka misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, kuanzia vuli ya 2020 hadi ile ya 2022. Kwa monsuni ya Bara Hindi, La Niña kwa kawaida ina maana tofauti, yaani mvua zaidi. Mfugaji wa Marsabit aliyepoteza ng'ombe na mkulima wa Dadu aliyepoteza nyumba walipigwa, kwa sehemu kubwa, na bahari zilezile.

Jambo la tatu ni njia iliyopitwa na mifumo ya mvua. Mifumo mingi ya monsuni huzaliwa Ghuba ya Bengal, upande wa mashariki wa India, kisha husafiri kuelekea magharibi ikimwaga maji njiani, na kwa kawaida hukata roho kabla ya kuifikia Sindh; ndiyo maana mzee wenu anaiita jangwa. Msimu ule mmoja baada ya mwingine ilifika mpaka Sindh na Balochistan, ikakutana na mvuke mpya kutoka Bahari ya Arabuni, ikapata nguvu mahali ambapo ingepaswa kufa.

Baada ya hayo ndipo yanapoingia mabadiliko ya tabianchi, na nitayaeleza bila kuyaongezea chumvi. Kila hewa inapopata joto la nyuzi moja zaidi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Fikiria mtungi uliopanuliwa: huchukua muda mrefu zaidi kujaa, na wakati unajaa unanyonya unyevu wa ardhi na kuikausha; lakini siku ukipinduka, humwaga zaidi ya ule wa zamani. Ndiyo sababu sehemu ileile inaweza kulia ukame na mafuriko katika miaka inayofuatana bila kujipinga. Isitoshe, mvuke unapogeuka maji wingu hupata joto, joto hilo huisukuma hewa juu kwa nguvu zaidi, na wingu likavuta unyevu wa mbali zaidi. Hivyo ongezeko katika mvua ile mbaya kabisa linaweza kuzidi hiyo asilimia 7. Roxy Mathew Koll, mwanasayansi wa taasisi ya monsuni iliyoko Pune, India, alionyesha pamoja na wenzake mwaka 2017 kwamba mvua kali zilizoenea maeneo makubwa ya katikati mwa India ziliongezeka mara tatu kati ya 1950 na 2015, na wakaihusisha hali hiyo na mawimbi ya unyevu kutoka Bahari ya Arabuni.

Katikati ya Septemba 2022, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, linalopima mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika majanga ya hali ya hewa, wakiwemo wa Pakistan, walipima mwelekeo wa vipimo vya mvua. Waligundua kwamba mvua ya siku tano iliyo kali kuliko zote katika Sindh na Balochistan sasa ni kali zaidi kwa takriban asilimia 75 kuliko ambavyo ingekuwa dunia isingepata joto la nyuzi 1.2, na ile ya siku sitini katika bonde zima la Indus kwa takriban asilimia 50. Wao wenyewe walitahadharisha kwamba mvua za eneo hilo hubadilika mno mwaka kwa mwaka, na kwamba mifano yao ya kompyuta haikukubaliana juu ya sehemu gani hasa ya ongezeko hilo iletwe kwenye mlango wa gesi za viwandani. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mafuriko yale yasingetokea kabisa bila ya mabadiliko ya tabianchi, amevuka mpaka wa ushahidi. Akikwambia kwamba hayahusiki, naye amevuka, tena kwa mbali zaidi. Mafuriko yangeweza kutokea, ila yalinenepeshwa.

Kuhusu kisingizio, shuku yako ina mizizi, na sitaipuuza. Pakistan hutoa chini ya asilimia moja ya gesi zinazoipasha dunia joto, kwa hiyo ilikuwa na haki ya kusimama mbele ya mataifa na kudai. Madai hayo yalisaidia kupatikana makubaliano ya mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko hayo, katika mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, Novemba 2022. Lakini gesi za viwandani hazikujenga matuta ya Sindh, wala hazikuchimba mifereji yake.

Hapo ndipo kwenye kiini cha balaa la jamaa zako, kwa sababu Dadu haikuuliwa na mvua tu, iliuliwa na maji yaliyokataa kuondoka. Indus ni mto wa tope. Kwa karne nyingi umekuwa ukimwaga tope hilo, na tangu ulipofungiwa kati ya matuta marefu, tope limebaki ndani na kuinua sakafu ya mto, kiasi kwamba Sindh leo mto unapita juu kuliko mashamba ya pembeni yake. Tuta linaloizuia Indus isiingie shambani ndilo linaloyazuia maji ya shambani yasirudi Indus. Maji yaliyoteremka kutoka Balochistan na milima ya Kirthar yalikuta mbele yake barabara, reli, kingo za mifereji ya umwagiliaji na matuta, vyote vimeinuliwa na vyote vimekatiza njia yake ya asili, na penye mfereji wa kuyatoa, mfereji ulikuwa umejaa tangu zamani.

Mwisho wa njia hiyo ni ziwa Manchar. Maji ya upande wa Dadu hukusanyika humo, na ziwa nalo linategemea kumimina katika Indus. Mwanzoni mwa Septemba 2022 Indus ilikuwa juu, ziwa likakosa pa kutapikia. Wakuu wakaamua kulikata tuta la ziwa wenyewe ili kuokoa miji yenye watu wengi, na wanavijiji wa upande uliokatwa wakaona maji yakiletwa kwao kwa mkono wa binadamu. Khairpur Nathan Shah ulikwisha kuzama. Katika wilaya hiyohiyo, wakazi wa Mehar na Johi walibeba mchanga na udongo usiku na mchana wakaizungushia miji yao tuta, wakaiokoa. Uyaweke hayo akilini: mvua ilikuwa moja kwa wote, ila aliyezama na aliyepona waliamuliwa pia na tuta lilipokuwa na nani aliyelikata.

Maji yakituama kwa miezi, madhara yake hayafanani na ya maji yanayopita. Ukuta wa tofali bichi huanza kufa chini. Ukitaka kuona, chukua bonge la udongo mkavu uliweke kwenye sinia lenye maji ya kina cha kidole: kwa muda halitatikisika, utaona tu rangi nyeusi ikipanda taratibu; kisha kiuno cha chini kinalainika na bonge zima linakaa chini lenyewe. Nyumba nyingi za Sindh zilianguka hivyo, baadhi siku ambayo mvua ilikwisha na jua limetoka, na wenyewe wamerudi ndani kuchukua magodoro. Malaria nayo ilifuata: kesi zilizothibitishwa nchini Pakistan ziliruka kutoka kama 400,000 mwaka 2021 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2022. Ng'ombe, mbuzi na mifugo mingine zaidi ya milioni moja walikufa, na hiyo ndiyo benki ya mkulima asiye na ardhi. Mashamba yaliyochelewa kukauka yalichelewa kupandwa ngano, na pale maji yalipokauka kwa jua badala ya kutiririka, yaliacha chumvi. Tathmini ya pamoja ya serikali na mashirika ya kimataifa iliweka uharibifu karibu dola bilioni 15, na hasara za kiuchumi kiasi kama hicho tena.

Yatarudi? Mzee wenu amelisikia vizuri neno lakini ameachiwa maana mbaya, na kosa ni letu sisi wataalamu tunaopenda kusema "mara moja katika miaka mia". Maana yake ni kwamba kila mwaka, mwaka huu ukiwemo, kuna nafasi moja kati ya mia. Hakuna anayehesabu miaka tangu ile ya mwisho. Kwa nyumba ya kukaliwa miaka 30, nafasi ya kukutana na mvua ya namna ile walau mara moja ni kama robo. Na hiyo ni ikiwa hali ya hewa itabaki kama ilivyo, jambo ambalo halitarajiwi. Tena hapo nimehesabu mvua ya 2022 peke yake. Yale ya 2010 yalikuja kwa mlango mwingine, na mji wa jamaa zako ulizama mara zote mbili. Wewe ungenunua kiwanja ambacho kimezama mara mbili katika miaka 12?

Hata hivyo sitakwambia umkataze binamu yako kurudi. Watu hawaishi penye mafuriko kwa ujinga. Wengi kule ni wakulima wanaolima shamba la mwenye ardhi kwa mgao wa mavuno, na ruhusa ya kuweka nyumba inatokana na kulima shamba hilo. Akihama kilomita ishirini amehama na kazi, na deni huenda likamfuata. Kuhama ni salama zaidi kwa maji, na si lazima kuwe salama zaidi kwa maisha. Ikiwa kuna ardhi ya juu ndani ya eneo lilelile, hata mita mia chache, yenye karatasi zinazoeleweka, hiyo ndiyo ningeichagua kwanza.

Kama ni palepale, kila kitu kinategemea kipimo kimoja, nacho ni urefu wa maji ya 2022 juu ya ardhi. Yalipokuwa ya magotini au mapajani, nyumba inaweza kuinuliwa: jukwaa la udongo ulioshindiliwa, lililozidi alama ya maji, pande zake zimepigwa chokaa, na ukuta wa chini usiwe wa udongo mtupu. Mbunifu majengo Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza katika taaluma hiyo nchini Pakistan, amekuwa akiwafundisha wanavijiji wa Sindh kujenga kwa mianzi na udongo uliochanganywa na chokaa, kwa gharama ndogo na bila saruji wala chuma, na nyumba za namna hiyo katika kijiji cha Pono zilisimama mwaka 2022. Wewe wa Mombasa huhitaji kuhubiriwa chokaa. Nenda Mji wa Kale ukaiangalie ilivyo ukutani baada ya miaka yote hiyo. Ila yalipokuwa ya kifuani au zaidi na yakakaa miezi miwili, hakuna jukwaa la familia moja litakalotosha. Hapo fedha yako itafaa zaidi ikiingia katika jukwaa la pamoja la kijiji la kukimbilia, au pampu ya maji ya kunywa iliyoinuliwa, kuliko katika kuta.

Tofali la kuchoma na saruji hustahimili zaidi, kwa gharama kubwa zaidi. Kabla hujatuma hata shilingi, muulize binamu yako kama jina lao limo katika mpango wa serikali ya Sindh wa kujenga nyumba zipatazo milioni 2.1 za waathirika, ambao hutoa rupia 300,000 kwa kaya, kwa awamu, kadiri ujenzi unavyokaguliwa, na kuweka umiliki kwa jina la mwanamke wa nyumba. Fedha hiyo haimalizi nyumba. Mchango wako ukielekezwa kwenye kile ambacho awamu hizo hazikifikii, hasa kuinua msingi, utakuwa umefanya kazi ambayo kwa kawaida huachwa. Tuma kwa awamu na wewe, baada ya kuona picha ya kila hatua; kati ya ndugu hilo si dharau.

Mimi naandika nikiwa mbali, na yapo ambayo barua haiwezi. Udongo wa jukwaa, na kama liko karibu mno na mfereji au tuta linaloweza kukatwa, ni vya kuangaliwa na fundi au mhandisi aliyesimama hapo; mashirika yanayotekeleza mpango huo yana mafundi wilayani, waitwe. Kama kuna ukuta wa zamani uliopasuka au kuinama na watu wanalala chini yake, watoke leo, wasingoje ushauri wa mtu yeyote. Na mtoto au mama mjamzito mwenye homa baada ya maji kutuama apelekwe kituo cha afya kupimwa siku hiyohiyo, asipewe dawa za dukani kwa kubahatisha.

Monsuni huanza kufika Sindh Julai, na chokaa inahitaji wiki kadhaa za kukomaa kabla haijanyeshewa, kwa hiyo kazi ya msingi iwe imekwisha kufikia Mei. Kwa sasa mwombe binamu yako jambo moja lisilogharimu kitu. Katika majengo yaliyobaki wima, shule, msikiti au nguzo ya umeme, mstari wa maji ya 2022 huenda bado unaonekana, ule mpaka kati ya rangi ya tope na rangi ya ukuta. Asimame mtu mzima kando yake, ampige picha kabla haujapakwa rangi, kisha mniletee nione unamfika wapi.